Uzi: Picha ya farasi aliyening'inia hewani, na sababu ya watu kukataa kuiamini

Mtazama Vivuli ameandika:

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mara kwa mara huletwa humu ile picha inayochezacheza ya farasi anayekwenda shoti akiwa na mpandaji mgongoni, na chini yake huandikwa kwamba hiyo ndiyo filamu ya kwanza duniani, iliyopigwa mwaka 1878 ili kumaliza ubishi wa dau la dola 25,000. Nimeona nifungue uzi kwa sababu karibu kila kipande cha maelezo hayo kina kasoro, na kisa chenyewe ni kitamu kuliko uzushi uliokifunika. Mnivumilie kwa urefu.

Mpiga picha mwenyewe ni Eadweard Muybridge, aliyezaliwa Kingston upon Thames, Uingereza, mwaka 1830, kwa jina la Edward James Muggeridge, jina ambalo alilibadilisha mara kadhaa ukubwani. Alihamia Marekani akiwa kijana, akauza vitabu San Francisco, akanusurika katika ajali ya gari la abiria la kukokotwa na farasi huko Texas mwaka 1860 iliyomuumiza vibaya kichwa, akarejea kwao kutibiwa, kisha akaibuka tena California mwaka 1867 akiwa mpiga picha anayetia saini kazi zake kwa jina la Helios. Sifa yake ya kwanza ilitokana na mandhari ya bonde la Yosemite. Farasi walikuja baadaye, na walikuja kwa agizo la tajiri.

Tajiri huyo ni Leland Stanford, gavana wa zamani wa California, mmoja wa wakubwa wa reli ya Central Pacific na mfugaji wa farasi wa mashindano. Mwaka 1872 alimwita Muybridge Sacramento ampigie picha farasi wake aitwaye Occident. Hapa naomba tuwe waangalifu, maana ndipo wengi wanapopotea. Ubishi wa mwanzo haukuhusu shoti. Ulihusu mwendo wa telki, ule wa kati ambao si kutembea na si mbio, ambapo mguu wa mbele wa upande mmoja huenda sanjari na mguu wa nyuma wa upande wa pili. Swali lilikuwa: je, katika telki ipo nukta ambayo kwato zote nne ziko juu kwa pamoja? Kuhusu dau, hakuna ushahidi wa wakati ule unaolithibitisha, nami naliweka kando.

Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo, lazima tukumbuke picha ilivyopigwa enzi hizo. Kioo kilisuguliwa kikang'aa, kikamwagiwa kolodioni (dawa ya majimaji yenye kunata) na kuinamishwa huku na huku mpaka itandae sawasawa, kikazamishwa gizani katika maji ya nitrati ya fedha, kikaingizwa kwenye kamera kingali kinachuruzika, kikapigwa na kusafishwa kabla hakijakauka. Dawa hiyo ilikuwa nzito kushika mwanga, na kwa kawaida lenzi iliachwa wazi kwa sekunde kadhaa. Sasa chukueni farasi anayekwenda maili moja kwa dakika 1 na sekunde 40. Huyo anakata takribani mita 16 kwa sekunde. Ukiacha lenzi wazi kwa sekunde moja tu, hutapata farasi, utapata ukungu wenye urefu wa basi. Ukiifunga baada ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, atakuwa amesogea milimita nane, na hapo utaiona kwato. Lakini je, katika muda huo mfupi kioo kitakuwa kimepata mwanga wa kutosha? Huo ndio uliokuwa mtego.

Majaribio ya Sacramento yalifanyika mbele ya mashuka meupe yaliyotundikwa ili mwanga uongezeke, na farasi ikabidi azoeshwe kwanza kupita mbele ya mashuka hayo bila kushtuka. Yalitoa kivuli hafifu kilichomridhisha Stanford, na picha hizo hazipo leo.

Mwaka 1877 Muybridge akajaribu tena na farasi yuleyule, akatangaza kwamba amefanikiwa, akawapelekea wahariri nakala. Wahariri walipoitazama kwa makini, baadhi yao wakaitilia shaka, na shaka yao ilikuwa na msingi, kwa sababu kile walichopelekewa hakikuwa picha ya farasi. Kilikuwa picha ya mchoro. Fundi wa kurekebisha picha aitwaye John Koch alikuwa ameuchora upya mwili wa farasi na kigari chake kwa kufuata negativu (kioo cha kamera chenye picha iliyogeuzwa mwanga na giza) iliyofifia, uso wa mwendeshaji ukakatwa kutoka kwenye picha halisi na kubandikwa juu ya mchoro, kisha mkusanyiko wote ukapigwa picha. Kwa desturi ya studio za wakati ule, kurekebisha negativu kwa brashi hakukuwa dhambi. Lakini huwezi kumwambia mtu kwamba macho yake yanamdanganya, kisha ukampa ushahidi uliopakwa rangi.

Kwa maoni yangu, kila kilichofuata mwaka 1878 kilipangwa kwa ajili ya aibu hiyo. Katika shamba la Stanford huko Palo Alto lilijengwa banda refu, zikapangwa humo kamera 12 zenye lenzi zilizoagizwa Uingereza, kila moja ikiwa umbali wa inchi 27 kutoka kwa mwenzake, yaani karibu sentimita 69. Ng'ambo ya pili ya njia ulisimamishwa ukuta mweupe wenye mistari ya wima iliyoachana kwa inchi hizohizo 27, na chini yake mistari ya kulala kwa kila inchi nne, ili yeyote apimaye ajue kwato ilikuwa juu kiasi gani. Mbele ya kila lenzi palikuwa na shata ya vibao vyenye tundu, vilivyovutwa kwa nguvu na kuzuiwa na kilango cha sumaku ya umeme. Umeme ukipita, kilango kinaachia, vibao vinapishana, na tundu linapita mbele ya lenzi mara moja tu. Mhandisi wa reli, John D. Isaacs, ndiye aliyesaidia kuuweka sawa mtambo huo wa umeme.

Tarehe 15 Juni 1878 waandishi wa habari walialikwa. Kwanza alipita Abe Edgington kwa telki, akikokota kigari chepesi cha magurudumu mawili kilichoendeshwa na Charles Marvin, na gurudumu lilipokanyaga waya zilizotandazwa njiani, kila waya ulifyatua kamera yake. Kisha akaja jike Sallie Gardner, aliyepandwa tu bila kigari, na kwa kuwa hapakuwa na gurudumu, zilikingamishwa nyuzi njiani (nyuzi halisi, si hizi za kwetu) azikate kwa kifua. Jike lile lilipozigusa lilishtuka na kuruka kwa nguvu mpaka mshipi wa tandiko ukakatika. Vioo vikasafishwa palepale, wageni wakiwapo. Katika picha mshipi uliokatika ulionekana.

Naomba mtafakari jambo hilo kabla hamjachangia. Miguu iliyokunjamana chini ya tumbo ilikuwa kitu ambacho hakuna aliyepata kukiona, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kukishuhudia. Mshipi waliuona kwa macho yao. Kilichowafanya waiamini miguu ni mshipi.

Lenzi Kuukuu ameandika:

Ndugu Mtazama Vivuli, nashukuru kwa uzi uliotulia. Mimi nimekula chumvi nyingi katika studio, nikiwa chumba cha giza chenye taa nyekundu na beseni tatu za dawa, na ninajua ilivyo vigumu kusafisha picha moja bila doa. Swali langu ni la kifundi. Ikiwa kioo kilipaswa kutumika kingali kibichi, vioo 12 viliandaliwaje kwa wakati mmoja? Cha kwanza kisingekauka kabla cha mwisho hakijapakwa? Pili, hiyo sehemu ya 2,000 ya sekunde umeipata wapi? Sisi tulikuwa na kamera za kiwandani miaka mia moja baadaye na wengi wetu tuliishia sehemu ya 500 au 1,000.

Mtazama Vivuli ameandika:

Shikamoo mzee wangu. Hakuwa peke yake. Alikuwa na wasaidizi, na chumba cha giza kilikuwa hatua chache kutoka kwenye kamera, kwa hiyo kazi ya kupaka na kuzamisha iligawanywa mikononi mwa watu. Hata hivyo umegusa penyewe, kwa sababu tatizo hilo lilikuja kuisha tu vilipopatikana vioo vikavu vya jelatini, ambavyo alivitumia Philadelphia miaka ya 1880 alipofanya kazi chini ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na ndiyo sababu kazi ya Philadelphia ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya Palo Alto.

Kuhusu muda, namba hiyo ni ya Muybridge mwenyewe. Kwenye kadi aliyoichapisha ya picha za Sallie Gardner, yenye tarehe 19 Juni 1878, aliandika kwamba kila negativu ilipata mwanga kwa muda usiofika sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, na kwamba kati ya picha na picha ilipita takribani sehemu moja ya 25 ya sekunde. Wewe kama fundi utatambua gharama yake ukizitazama picha zenyewe: farasi na mpandaji ni vivuli vyeusi, karibu kama vimekatwa kwa mkasi, wala huoni jicho wala manyoya. Mwanga ulitosha kuchora umbo dhidi ya ukuta mweupe, basi. Na jambo moja ambalo wengi hawaligundui: katika kadi hiyo yenye picha 12, ya mwisho inamwonesha jike akiwa amesimama tuli.

Binti wa Brashi ameandika:

Nimesoma kwa furaha, kwa kuwa mimi ni mchoraji na kisa hiki kwetu ni kidonda cha zamani. Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walimchora farasi wa mbio akiwa amenyoosha miguu miwili mbele na miwili nyuma, kama mbwa anayeruka mfereji. Tazameni mchoro wa Mfaransa Géricault wa mbio za Epsom, Uingereza, wa mwaka 1821. Farasi wote wanaelea hivyo. Picha za Palo Alto zilionesha kwamba katika shoti, wakati kwato zote ziko juu, miguu haikunjuki bali hukusanyika chini ya tumbo. Kwa maneno mengine, watu waliamini ipo nukta ya kuelea, na hapo hawakukosea. Walikosea umbo lake.

Aliyeumia zaidi, nadhani, ni Meissonier wa Ufaransa, ambaye alijivunia usahihi wake kiasi cha kujijengea reli ndogo nyumbani kwake Poissy ili asukumwe kwenye kigari sambamba na farasi akikimbia, naye akichora. Mtu wa namna hiyo unapomletea picha inayomsahihisha, unategemea ugomvi. Lakini yeye alizipokea, akamwalika Muybridge kwake Paris mwaka 1881 mbele ya wachoraji wenzake, na alipomchora Stanford mwaka huohuo aliiweka kazi ya picha hizo mezani, kando ya kiwiko cha tajiri.

Rodin, mchongaji sanamu wa Ufaransa, ndiye aliyekataa katakata. Hoja yake ilikuwa kwamba msanii ndiye asemaye kweli na kamera ndiyo inayodanganya, kwa kuwa wakati hausimami. Mimi nikiwa na brashi mkononi namuunga mkono Rodin. Juzi nilimrekodi punda wa maji kwa simu, nikasimamisha picha katikati ya hatua, nikaichora kama ilivyo. Kila aliyepita aliniuliza punda amevunjika mguu gani.

Mtazama Vivuli ameandika:

Dada Binti wa Brashi, punda wako amenichekesha, lakini naomba nisikubaliane na Rodin moja kwa moja. Picha moja iliyosimamishwa huenda ikadanganya, ndiyo. Lakini Muybridge hakutoa moja, alitoa 12 kwa mpangilio, na umbali kati yake uliandikwa. Mwenye shaka na moja ana iliyotangulia na iliyofuata za kuulinganisha mguu. Anayeng'oa moja katikati na kuitundika ukutani ndiye anayeharibu.

Msomaji wa Kona ameandika:

Mkuu, mbona umeruka la mauaji? Nimesikia huyu bwana alimpiga risasi mtu.

Mtazama Vivuli ameandika:

Sikuliruka kwa kuficha. Tarehe 17 Oktoba 1874 alimfuata Harry Larkyns karibu na Calistoga na kumuua, baada ya kuamini kwamba alikuwa na uhusiano na mkewe, Flora. Alishtakiwa Napa, Februari 1875. Mawakili walileta hoja ya wazimu kutokana na ile ajali ya Texas, lakini wazee wa baraza wakamwachia kwa kuona kwamba alikuwa na haki ya kuua, hukumu ambayo hata kwa sheria ya wakati ule ilikuwa ya ajabu. Alikwenda Amerika ya Kati kupiga picha, Flora akafariki mwaka huohuo, na mtoto akawekwa katika nyumba ya yatima. Kwa upande wa uzi huu, linalohusika ni kwamba kazi ya farasi ilisimama kuanzia 1874 hadi 1877. Anayetaka kulijadili zaidi afungue uzi wake.

Mpima Hatua ameandika:

Nami ninafundisha fizikia, na nina malalamiko mawili, tena kwa heshima.

La kwanza, hakuna aliyemtaja Étienne-Jules Marey. Kabla ya kamera za Palo Alto, tabibu huyu wa Ufaransa alikuwa amekwisha kulijibu swali la kwato bila picha hata moja. Alimvisha farasi viatu vyenye mifuko ya hewa, mpira mwembamba ukapeleka mgandamizo wa kila kwato hadi kwenye kalamu, na kalamu ikachora juu ya karatasi yenye masizi wakati mguu uko chini na wakati uko juu. Palipokosekana alama yoyote, kwato zote zilikuwa hewani. Alilichapisha mwaka 1873. Alipoziona picha za Muybridge mwishoni mwa 1878 alifurahi na kuomba ndege wapigwe vivyo hivyo, na alipoona hapati anachokitaka akajitengenezea mwaka 1882 bunduki ya picha iliyotoa picha 12 kwa sekunde kwa lenzi moja. Kisayansi, lenzi moja ni bora. Kamera 12 zilizopangwa kwa mstari hazimtazami farasi kutoka mahali pamoja, zinasafiri naye.

La pili, kazi kubwa ya Philadelphia ya mwaka 1887, ile ya mabamba 781 (yaani kurasa za picha zilizochapishwa) chini ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, si safi kama inavyosifiwa. Watafiti waliolinganisha mabamba na negativu wamekuta mahali ambapo picha zilikosekana na nyingine zikasogezwa ili kuziba pengo, huku namba zikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mtazama Vivuli ameandika:

Ndugu Mpima Hatua, malalamiko yote mawili nayapokea. Kuhusu Marey sina la kupinga, ila niongeze kwamba alama zake za masizi zilimshawishi msomi na hazikumshawishi mwenye farasi. Mchoro wa kalamu unahitaji mtu wa kukueleza maana yake, na picha ilionekana kutohitaji.

Kuhusu Philadelphia, ni kweli, na mtu akiyapitia mabamba hayo akiwa na rula mkononi atasumbuka. Muybridge wa wakati ule alikuwa akiuza kazi kwa wachoraji na kwa wasomi kwa pamoja, na palipokuwa na pengo alichagua ukurasa unaopendeza. Hata hivyo nisingependa tuyatupe. Mle ndani wamo watembeao, wapigao randa, wabebao ndoo, mwanamasumbwi mweusi Ben Bailey aliyepigwa picha mbele ya pazia la miraba, na yumo jike Annie G., bamba la 626. Huyu Annie G. ndiye anayezunguka mitandaoni kila siku akiitwa Sallie Gardner. Ukiona mpandaji na farasi wenye sura, misuli na kivuli laini, huyo si wa 1878, ni wa vioo vikavu vya Philadelphia. Jina la farasi limeandikwa. La mpandaji wake, kijana mweusi, halikuandikwa kwenye bamba.

Na wale wanaouliza kwa nini aliondoka kwa Stanford: mwaka 1882 Stanford alitoa kitabu kuhusu mwendo wa farasi, kilichoandikwa na daktari J. D. B. Stillman, picha nyingi zikiwa zimegeuzwa michoro, na jina la Muybridge halikuwekwa kwenye ukurasa wa kichwa. Wakati huo Muybridge alikuwa London akisifiwa, na wanasayansi waliokuwa tayari kuchapisha makala yake walipokiona kitabu hicho wakasita. Alishtaki, akashindwa. Shamba lenyewe sasa ni Chuo Kikuu cha Stanford.

Lenzi Kuukuu ameandika:

Limebaki moja, mwanangu. Umesema mwanzoni kwamba si filamu ya kwanza. Lakini alikuwa na mashine ya kuonesha ukutani, sivyo?

Mtazama Vivuli ameandika:

Alikuwa nayo, mzee, kuanzia 1879, na aliiita zupraksiskopu. Ilikuwa taa yenye sahani ya kioo inayozunguka, na picha zimepangwa pembezoni mwa sahani kama namba za saa. Mbele yake ilizunguka sahani nyingine ya bati yenye nyufa, kuelekea upande wa pili, ili kila picha ionekane kwa kufumba na kufumbua kisha izibwe kabla haijaacha mkwaruzo wa mwanga ukutani. Watu wa San Francisco, Paris na London waliomwona farasi akikimbia ukutani walipiga makofi.

Lakini walichokitazama hakikuwa negativu za Palo Alto. Zilikuwa picha zilizochorwa kwa mkono juu ya kioo kwa kuzifuata. Tena hazikuchorwa kama zilivyo. Kwa sababu sahani mbili zilipishana, umbo lililopita kwenye ufa lilibanwa upana, na farasi aliyechorwa sawasawa angetokea ukutani mfupi kama mbuzi. Ikabidi wachorwe wakiwa wamerefushwa. Sahani nyingi zimehifadhiwa Kingston, ambako alikufa mwaka 1904, na ukiitazama mojawapo mkononi bila mashine utaona farasi wenye viwiliwili virefu kama vya mbwa wa miguu mifupi, ambao hunyooka na kuwa farasi pale tu taa inapowashwa na sahani ikazunguka.

Inajulikana sahani moja tu iliyobeba picha halisi za kamera. Farasi wake hakuwa akikimbia. Ilikuwa mifupa ya farasi, iliyosimamishwa na kupangwa upya kwa mkono, mguu baada ya mguu, mbele ya lenzi.